LUGHA YA KUELEZEA SPISHI MPYA: ISTILAHI ZA DIATOMU WA MAJI BARIDI NA NAFASI YA KISWAHILI

IKISIRI

Makala haya yanachunguza lugha inayotumika kuelezea spishi mpya ya diatomu wa maji baridi, na kuuliza kama Kiswahili kinaweza kuifanya kazi hiyo kwa ukamilifu. Hoja yetu ni kuwa tatizo kubwa si uhaba wa maneno. Tatizo ni uteuzi wa maneno yasiyogongana na maana zilizokwisha kukita katika lugha. Tunapendekeza istilahi zigawanywe katika tabaka tatu, na kila tabaka lishughulikiwe kwa mbinu yake. Aidha, tunaonyesha kuwa upatanisho wa ngeli na viambishi vya njeo vina kazi ya kitaaluma katika maelezo ya aina hii. Mwisho tunajadili sheria ya kimataifa ya utoaji majina na athari zake kwa Kiswahili.

1.0 UTANGULIZI

Mijadala mingi kuhusu Kiswahili na sayansi imejikita katika vitabu vya shule. Huko istilahi hutakiwa zimfae mwanafunzi anayejifunza jambo linalojulikana tayari. Makala haya yanaangalia hali tofauti, yaani mahali ambapo jambo lenyewe linaandikwa kwa mara ya kwanza duniani. Maelezo ya spishi mpya ni matini ya namna hiyo. Mwandishi wake hana matini ya awali ya kufasiri. Ana kiumbe chini ya hadubini, na wajibu wake ni kukieleza kiasi kwamba msomaji asiyekiona aweze kukitambua na kukitenga na jamaa zake.

Tumechagua diatomu kwa sababu mbili. Kwanza, maziwa ya Afrika Mashariki yana historia ndefu katika utafiti wa viumbe hawa. Otto Müller alichapisha maelezo ya diatomu wa Nyasa na maeneo ya jirani kati ya 1903 na 1911. G. S. West aliandika mwaka 1907 juu ya mwani uliokusanywa na msafara wa Ziwa Tanganyika wa 1904–1905. Françoise Gasse alitoa kitabu juu ya diatomu wa Afrika Mashariki mwaka 1986, na Christine Cocquyt akatoa chake juu ya bonde la kaskazini la Ziwa Tanganyika mwaka 1998. Mwaka 2016 Cocquyt na Ryken walieleza spishi mpya, Afrocymbella barkeri, kutoka Ziwa Chala, ziwa la kasoko lenye kina cha mita 90 hivi lililo mpakani mwa Kenya na Tanzania, upande wa mashariki wa Mlima Kilimanjaro. Kati ya kazi hizo zote hakuna iliyoandikwa kwa Kiswahili, ingawa wakazi wa kandokando ya maji hayo wengi hukisema.

Pili, diatomu si jambo la udadisi mtupu. Hukadiriwa kuwa viumbe hawa huzalisha takribani moja ya tano ya mata-hai yote inayoundwa kwa nuru ya jua duniani. Mabadiliko yao hutoa habari za maji. Katika Ziwa Victoria, diatomu wa jenasi Aulacoseira waliokuwa wengi walipungua sana kufikia miaka ya 1980, na nafasi yao ikachukuliwa na Nitzschia pamoja na bakteria wa kibuluu. Mabadiliko hayo yalikwenda sambamba na kurutubika kwa ziwa kupita kiasi. Anayetaka kuieleza habari hiyo kwa mvuvi wa Mwanza au Kisumu, au kwa mhudumu wa mradi wa maji, hana budi kuwa na lugha ya kuwataja viumbe wenyewe na tofauti zao.

2.0 DIATOMU NI NINI

Diatomu ni mwani wa seli moja. Ukuta wa seli yake ni wa kioo, nao una sehemu mbili: moja kubwa kidogo inayofunika nyingine. Jina lenyewe linatokana na Kigiriki, likiwa na maana ya kilichokatwa pande mbili. Wengi wao hawaonekani kwa macho matupu, lakini wakiwa maelfu kwa maelfu juu ya jiwe hufanya utando wa rangi ya hudhurungi. Yeyote aliyewahi kuteleza mtoni amewagusa, ingawa Kiswahili cha kila siku kimekipa jina kitendo chao tu, yaani utelezi.

Seli inapogawanyika, kila mtoto hurithi upande mmoja wa ukuta na kuufanya kifuniko chake, kisha hujijengea kitako kipya kwa ndani. Kwa hiyo mtoto aliyerithi kitako cha mzazi huwa mdogo kuliko mzazi. Jamii hupungua kimo kizazi baada ya kizazi, mpaka uzazi wa kijinsia uturudishie seli yenye ukubwa wa awali. Jambo hili lina uzito kwa mwandishi wa maelezo, kwani kipimo kimoja hakitoshi: spishi ile ile ina wakubwa na wadogo, na umbo la wadogo huweza kutofautiana na la wakubwa. Asiyelijua hilo ataipa spishi moja majina mawili.

3.0 MIGONGANO YA MAANA

3.1 Mpya na ngeni

Neno la kwanza linalohitaji uangalifu ni mpya. Katika taaluma, spishi mpya ni ile ambayo haijapata kuelezwa na kupewa jina. Katika matumizi ya kawaida, kitu kipya ziwani ni kile kilichoingia juzi. Msomaji akiambiwa kuwa kuna spishi mpya Ziwani Chala, anaweza kudhani imeletwa na maji, ndege au watu. Hiyo ni dhana nyingine kabisa, ambayo huitwa spishi ngeni. Kwa hiyo, pale ambapo muktadha hautoshi, ni afadhali kuandika spishi iliyoelezwa kwa mara ya kwanza. Kirai hiki ni kirefu, lakini kinaondoa utata na kinalinda ukweli kwamba kiumbe kilikuwapo kabla ya mtafiti kufika.

3.2 Maji baridi

Katika Kiswahili cha pwani, maji baridi ni maji yasiyo na chumvi, kinyume cha maji chumvi ya bahari. Matumizi haya yameingia katika istilahi rasmi za uvuvi: samaki wa maji baridi ni samaki wa mitoni na maziwani. Lakini kwa wasemaji wengi wa bara, wasio na bahari karibu, maji baridi ni yale yasiyo na joto. Lugha ina njia ya kutenganisha dhana hizi: maji baridi kwa yasiyo na chumvi, na maji ya baridi kwa yasiyo na joto. Hata hivyo, kiunganishi hicho kidogo hudondoshwa mara kwa mara. Kwa diatomu tatizo si la kinadharia tu. Wako diatomu wanaoishi katika chemchemi za maji moto yasiyo na chumvi nyingi, na kuwaita diatomu wa maji baridi kutamchekesha msomaji. Katika hali hiyo tunapendekeza maji matamu, neno linalojulikana pwani na bara. Aidha, maziwa ya magadi kama Natron na Bogoria hayamo katika kundi lolote kati ya hayo mawili, na yafaa yatajwe kwa sifa yao: maji ya magadi.

3.3 Silika

Mfano mkali zaidi wa mgongano ni silika. Ukuta wa diatomu umejengwa kwa silikoni na oksijeni, pamoja na maji kidogo. Atakayeswahilisha jina la kikemia la mata hiyo kwa kufuata sauti pekee atapata neno silika. Neno hilo Kiswahili kinalo tangu zamani, na maana yake ni tabia ya kuzaliwa nayo. Sentensi Diatomu ana ukuta wa silika, kwa msomaji asiye mwanakemia, ni fumbo. Tunapendekeza silikoni dioksidi katika matini za kitaalamu na kioo katika matini za umma. Mfano huu unatufundisha kuwa utohozi haukamiliki kwa kuongeza irabu mwishoni. Ni lazima kwanza kuuliza kama nyumba ina mwenyewe.

4.0 TABAKA TATU ZA ISTILAHI

Baadhi ya wataalamu hushauri kuwa istilahi zote za sayansi zitoholewe, kwa kuwa sayansi ni ya kimataifa. Wengine hutaka kila neno liwe na asili ya Kibantu. Maoni yetu ni kuwa pande zote mbili hukosea pale zinapoyatazama maneno ya matini moja kana kwamba ni ya aina moja. Katika maelezo ya diatomu tunaona tabaka tatu.

Tabaka la kwanza ni jina la spishi lenyewe. Hili ni la Kilatini kwa umbo, halifasiriwi wala halitoholewi, na ndilo linalobeba umataifa. Tabaka la pili ni vipimo na kemikali: mikromita, oksijeni, silikoni. Hapa utohozi unafaa, isipokuwa panapotokea mgongano kama wa silika. Tabaka la tatu ni sehemu za mwili na maumbo. Hapa ndipo msomaji anapotakiwa kuona kwa akili, na hapa ndipo Kiswahili kina hazina kubwa, hasa katika msamiati wa ususi, ushonaji na viungo vya mwili. Umataifa ukishatimizwa na jina katika tabaka la kwanza, hakuna sababu ya kuudai tena katika tabaka la tatu.

Tuangalie istilahi chache za tabaka hilo.

(a) Kijamanda: ukuta mzima wa diatomu. Neno kasha lingeweza kutumika, lakini kifuniko cha kasha kwa kawaida hufungwa kwa bawaba na kukaa juu ya ukingo. Kijamanda, kikapu kidogo cha ukili, kina kifuniko kinachovaa juu ya kitako na kukipita kidogo. Ndivyo ulivyo ukuta wa diatomu. Ni kweli kuwa vijana wengi wa mjini hawalijui neno hili. Lakini hawakijui pia kitu kinachotajwa, nao watajifunza vyote viwili pamoja.

(b) Gamba: kila upande wa kijamanda. Tunapata gamba la kifuniko na gamba la kitako. Wanasayansi wa Ulaya walitumia neno la Kilatini lenye maana ya ubao mmoja wa mlango wa mbao mbili. Kulitohoa kungetupatia neno la jamii moja na vali, ambalo kwa Mswahili ni la mabomba, magurudumu na moyo.

(c) Mshipi: utepe unaozunguka mahali magamba mawili yanapokutana.

(d) Mpasuo: uwazi mrefu uliochanwa katika gamba la diatomu wengi wenye umbo refu. Kupitia hapo seli hutoa ute unaoiwezesha kutambaa. Neno la Kigiriki linalotumika kimataifa lina maana ya mshono. Ni wazi kuwa waliolichagua waliona mstari, wakadhani umeshonwa. Hadubini bora zilionyesha baadaye kuwa uko wazi. Tukifasiri neno kwa neno tutaendeleza dhana isiyo sahihi. Ufa nao haufai, kwa kuwa ufa ni kasoro ya ukuta na hutakiwa kuzibwa. Mshonaji nguo, kwa upande wake, hujua tofauti: mshono hufunga, na mpasuo huachwa kwa makusudi ili mvaaji aweze kutembea. Ni vigumu kupata neno linalofaa zaidi ya hili.

(e) Mlia na kitundu: mlia ni safu ya vitundu vilivyopangana kutoka katikati ya gamba kuelekea ukingoni. Kwa hadubini ya mwanga huonekana kama mstari mmoja. Kwa hadubini ya elektroni vitundu huhesabika.

(f) Mgongo, tumbo, kichwa, mguu: jenasi Afrocymbella ina magamba yasiyolingana kwa njia mbili. Ubavu mmoja umepinda zaidi ya mwingine, na ncha moja ni tofauti na ya pili. Kwa hiyo tunasema upande wa mgongo na upande wa tumbo, ncha ya kichwa na ncha ya mguu. Wataalamu wa lugha nyingine hutumia sitiari hiyo hiyo ya mwili, hivyo hapa Kiswahili na umataifa vinakutana bila kulazimishana.

5.0 SARUFI YA MAELEZO

5.1 Upatanisho wa ngeli

Maelezo ya spishi huandikwa kwa virai vifupi visivyo na vitenzi vingi. Katika lugha isiyo na upatanisho mpana, msomaji huweza kushindwa kujua kivumishi kinahusu sehemu ipi. Kiswahili kina faida hapa, kwani kila sehemu huacha alama yake katika maneno yanayofuata. Chukua mfano huu, ambao tumeutunga kwa ajili ya uchambuzi wa lugha tu na hauelezi spishi yoyote halisi:

(g) Magamba membamba. Mgongo umepinda kidogo, tumbo limenyooka. Ncha ya kichwa butu, pana kuliko ya mguu. Uwanda wa kati mwembamba. Milia sambamba katikati ya gamba, imeinama kuelekea kwenye ncha, 12 katika mikromita 10. Vitundu havionekani kwa hadubini ya mwanga.

Kiambishi i- katika imeinama kinaelekeza kwenye milia peke yake, wala hakiwezi kuchukuliwa kuwa kinahusu magamba au vitundu. Ndiyo sababu tunashauri kuwa katika kuteua istilahi za kundi moja, ngeli zake nazo zizingatiwe. Istilahi zikitawanyika katika ngeli mbalimbali, upatanisho hufanya kazi ya kutenganisha. Mpango wetu haukufikia ukamilifu huo: mpasuo na mshipi ni vya ngeli moja, na vikitajwa pamoja katika umoja itabidi nomino irudiwe.

Kuhusu neno diatomu lenyewe, tunapendekeza libaki bila kiambishi cha wingi, na lipatanishwe kama viumbe wengine: diatomu huyu, diatomu hawa. Umbo madiatomu lingeleta hisia ya ukubwa, jambo lisilofaa kwa kiumbe kinachopimwa kwa sehemu za elfu za milimita.

5.2 Njeo na hali

Katika (g) tumetumia -me- kwa maana ya hali iliyopo: mgongo umepinda. Inaweza kupingwa kuwa -me- huashiria tendo lililotimia, kana kwamba mgongo ulikuwa umenyooka kisha ukapinda. Lakini matumizi ya -me- kwa hali ya kudumu ni ya kawaida: tunasema mto umepinda bila kudai kuwa tuliuona ukinyooka. Hu- ina kazi nyingine. Tukisema ncha hupanuka katika magamba mafupi, tunazungumzia mwelekeo wa jamii nzima, si gamba moja lililo mbele yetu. Kwa kuwa diatomu hupungua kimo kadiri wanavyogawanyika, tofauti hii ina thamani: -me- itumike kwa umbo la kielelezo, na hu- kwa mabadiliko yanayotarajiwa katika jamii. Lugha nyingi za sayansi hulazimika kutumia vielezi kuonyesha jambo ambalo Kiswahili hulionyesha kwa kiambishi kimoja.

5.3 Maelezo na upambanuzi

Yafaa pia kutenganisha dhana mbili. Maelezo hutaja sifa zote muhimu za kiumbe. Upambanuzi hutaja zile tu zinazokitenga na jamaa zake. Maelezo marefu bila upambanuzi ni kama kumweleza mtu kuwa ana macho mawili na pua moja. Katika Kiswahili upambanuzi huundwa vizuri kwa vitenzi kama hutofautiana na, huzidi, na hukosa, ambavyo humlazimisha mwandishi kutaja anamlinganisha kiumbe wake na nani.

6.0 JINA NA SHERIA

Majina ya mwani huongozwa na kanuni za kimataifa zinazohusu pia mimea na kuvu. Kwa mujibu wa kanuni hizo, jina la spishi mpya ya mwani huhitaji pamoja na mengine kielelezo, ambacho sisi tungekiita kielelezo cha jina kwa kuwa ndicho ambacho jina limefungwa kwacho daima, na mchoro au picha. Huhitaji pia maelezo au upambanuzi katika lugha iliyokubaliwa. Kuanzia tarehe 1 Januari 1958 hadi 31 Desemba 2011 lugha hiyo ilikuwa Kilatini peke yake. Tangu tarehe 1 Januari 2012 ni Kilatini au Kiingereza.

Kabla ya 1958 mwani ungeweza kuelezwa kwa lugha yoyote. Müller aliandika juu ya diatomu wa Nyasa kwa Kijerumani, na majina yake yangali yakitumika. Hii ina maana kuwa, kwa upande wa lugha, maelezo yaliyochapishwa kwa Kiswahili mwaka 1910 yangekubalika, ilhali yatakayochapishwa leo kwa Kiswahili peke yake hayatalihalalisha jina. Mlango huo ulifungwa kabla ya wengi wetu kujua kuwa ulikuwa wazi.

Hata hivyo, sheria hiyo haizuii matini ya Kiswahili kuandamana na ile inayotakiwa. Vile vile haizuii jina lenyewe kutoka katika lugha yoyote. Sifa nyassensis katika Aulacoseira nyassensis ni neno la ziwa letu lililovikwa kiishio cha Kilatini na kupatanishwa na jina la jenasi, kama kivumishi kinavyopatanishwa na nomino katika Kiswahili. Katika barkeri, kiishio -i ni cha umilikishi, sawa na -a ya uhusiano. Kwa upande wa wanyama, ambao wana kanuni zao, nyani wa milima ya kusini mwa Tanzania alipoelezwa mwaka 2005 alipewa jina kipunji, neno la wenyeji lililoingia pamoja na kiambishi chake ki-.

7.0 HITIMISHO

Tumeonyesha kuwa Kiswahili kinaweza kueleza spishi mpya ya diatomu kwa usahihi, mradi istilahi ziteuliwe kwa kuzingatia tabaka lake, maana zilizokwisha kuwapo na ngeli. Tumeona pia kuwa sheria ya leo haiyapi maelezo ya Kiswahili nguvu ya kuhalalisha jina. Lakini uhalali wa jina na kueleweka kwa kiumbe ni mambo mawili. La kwanza liko mikononi mwa mikutano ya kimataifa ya wanabotania; la pili liko mikononi mwetu.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, idara za Kiswahili na za botania katika vyuo vikuu vyetu zishirikiane kuandaa orodha ya istilahi za maelezo ya mwani, kwa kuanzia na zile zilizojadiliwa hapa. Pili, watafiti wanaochukua sampuli katika maziwa yetu waombwe kuambatanisha maelezo ya Kiswahili na makala yao. Aya moja yatosha. Tatu, istilahi hizo zijaribiwe kwa wasomaji wa kandokando ya maziwa kabla ya kusanifiwa, kwa kuwa wao ndio watakaotuambia kama kijamanda chetu kinafunguka.